Kutoka Zahanati hadi Meza ya Upasuaji: Historia ya Tiba ya Kasoro za Aota kwa Watoto Wachanga Tanzania, Ikitazamwa kutoka Tinde, Shinyanga

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna upasuaji wa kasoro za kuzaliwa nazo za aota ulivyoibuka duniani, ulivyofika Tanzania, na ulivyoyafikia au kutoyafikia maeneo ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Tinde, mji mdogo wa njia panda katika Wilaya ya Shinyanga, unatumika kama mahali pa kutazamia historia hiyo. Hoja kuu ni kwamba kuchelewa kwa tiba hii hakuwezi kuelezwa kwa ukosefu wa mitambo na wapasuaji pekee. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ugonjwa wenyewe haukuwa na jina katika rejista za zahanati na vituo vya afya, na mtoto aliyefariki kwa sababu yake aliandikwa chini ya jina la ugonjwa mwingine. Insha inahitimisha kwamba historia ya upasuaji wa moyo nchini haiwezi kutenganishwa na historia ya afya ya msingi, ingawa mijadala ya sera imezoea kuziweka katika mizani moja kama mahasimu.

1.0 Utangulizi

Tinde ipo mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Nzega hugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini kwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Jingine huelekea Kahama na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Kwa dereva wa lori, Tinde ni mahali pa kula na kupumzika. Kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa, ni mahali pa kuamua. Kaskazini, kwa mwendo wa takriban kilomita 200, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Kusini mashariki, kwa mwendo unaokaribia kilomita 1,000, ipo Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Maandishi mengi kuhusu maendeleo ya upasuaji wa moyo nchini huanzia Dar es Salaam na kuishia huko huko. Husimulia ujenzi wa majengo, ujio wa mitambo na idadi ya wagonjwa waliopasuliwa. Masimulizi hayo ni ya kweli na yana thamani yake, lakini yana upungufu mmoja: humhesabu mtoto aliyefika. Mtoto asiyefika haonekani katika takwimu za hospitali ya rufaa, na mara nyingi haonekani hata katika takwimu za kijijini kwake. Kuitazama historia hii kutoka Tinde ni kujaribu kumrejesha mtoto huyo ndani ya simulizi.

Kati ya magonjwa yote ya moyo ya kuzaliwa nayo, insha imechagua kasoro za aota, hususan kubanwa kwa mshipa huo, kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa kasoro za moyo na mishipa mikubwa zilizotangulia kupata tiba ya upasuaji. Kwa hiyo muda uliopita kati ya kugunduliwa kwa tiba na kufika kwake unaweza kupimwa. Pili, dalili yake kuu kwa mtoto mchanga inaweza kutambuliwa kwa vidole vya mkunga, bila kifaa chochote. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja yanazua swali la kihistoria: ikiwa tiba ilikuwapo tangu 1944 na dalili inaonekana kwa mikono mitupu, ni nini kilichosimama katikati?

2.0 Aota na mtoto mchanga

Aota ndiyo ateri kubwa kuliko zote mwilini. Hutoka katika ventrikali ya kushoto ya moyo, hupinda kama mpini wa bakora, hutoa matawi ya kichwa na mikono, kisha hushuka kifuani na tumboni kupeleka damu kwenye ini, figo, utumbo na miguu. Kwa baadhi ya watoto, sehemu ya mshipa huu huwa imebanwa tangu tumboni, kwa kawaida mara tu baada ya tawi la mkono wa kushoto. Kwa wachache zaidi, upinde wa aota hukatika kabisa, au vali yake huwa nyembamba kupita kiasi.

Mtoto aliye tumboni hadhuriki mara moja kwa hali hiyo. Kwa kuwa mapafu yake hayajaanza kazi, upo mrija mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota, nao huipitishia damu sehemu ya chini ya mwili. Mrija huo hujifunga wenyewe katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Kwa mtoto mwenye afya, kufungwa huko ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Kwa mtoto ambaye aota yake imebanwa sana, ni kufungwa kwa njia pekee iliyokuwa ikiilisha damu nusu ya mwili wake.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ugonjwa huu kwa mfumo wowote wa afya. Mtoto huzaliwa akiwa na uzito mzuri, hulia, hunyonya, na huruhusiwa kwenda nyumbani pamoja na mama yake. Siku chache baadaye, au wiki ya pili, huanza kukataa ziwa, kuhema haraka, kutokwa na jasho wakati wa kunyonya na kupauka. Miguu hupoa. Mkojo hupungua, kisha hukoma. Anaporejeshwa katika kituo, hufanana kwa kila hali na mtoto mwenye maambukizi makali ya damu au nimonia. Tofauti ipo katika mapigo: mshipa wa mkono wa kulia hupiga, ilhali ule wa kinena hupiga kwa unyonge au haupigi kabisa.

Wapo pia watoto ambao mbano wao si mkali. Hao hukua, wakaenda shule, na ugonjwa hujitokeza baadaye kama shinikizo la juu la damu mikononi, maumivu ya kichwa na uchovu wa miguu. Kabla ya upasuaji kuwapo, wengi wa watu hawa walifariki kabla ya kufikia umri wa miaka 50, kwa kiharusi, kupasuka kwa aota au kushindwa kwa moyo.

Makadirio yanayotumika sana duniani ni kwamba takriban watoto 8 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wana kasoro ya moyo, na takriban watoto 4 kati ya 10,000 wana mbano wa aota. Kwa nchi kama Tanzania, ambamo huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, hesabu hiyo hutoa watoto wasiopungua 16,000 wenye kasoro za moyo na takriban 800 wenye mbano wa aota kila mwaka. Hesabu hizi ni za makadirio, si za rejista. Pengo kati ya makadirio na rejista ndilo kiini cha mjadala unaofuata.

3.0 Njia ya upasuaji duniani, 1938–1982

Mbano wa aota ulikuwa umefahamika kwa wanaanatomia muda mrefu kabla ya kutibika. Giovanni Battista Morgagni wa Italia aliueleza mwaka 1760 baada ya kuchunguza maiti. Kwa karibu karne mbili zilizofuata, maarifa hayo yalibaki kuwa maarifa ya wafu.

Mlango ulifunguliwa Boston mwaka 1938, Robert Gross alipofanikiwa kuufunga mrija uliokuwa umebaki wazi kwa mtoto wa kike. Oktoba 1944, huko Stockholm, Clarence Crafoord aliondoa kipande cha aota kilichobanwa na kuziunga pamoja ncha mbili zilizobaki. Mwezi uliofuata, Novemba 1944, huko Baltimore, Alfred Blalock alifanya upasuaji wa kuwasaidia watoto wenye ngozi ya buluu, kwa wazo la daktari wa watoto Helen Taussig na kwa ufundi wa maabara wa Vivien Thomas, Mmarekani Mweusi ambaye mchango wake ulichelewa mno kutambuliwa. Mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu ilitumiwa kwa mafanikio na John Gibbon mwaka 1953, miaka 9 baada ya Crafoord.

Mfuatano huu wa tarehe una maana kubwa kwa hoja ya insha. Mbano wa aota usioambatana na kasoro nyingine hurekebishwa kwa kupasua upande wa kushoto wa kifua. Moyo hausimamishwi na mashine ya moyo na mapafu kwa kawaida haihitajiki. Kwa hiyo dai kwamba Afrika Mashariki ilibidi isubiri mashine hiyo halitoshi kueleza kuchelewa kwa tiba ya kasoro hii. Kilichohitajika kilikuwa mpasuaji mwenye ujuzi wa mishipa midogo, mtaalamu wa usingizi anayemudu mwili wa mtoto wa kilo 3, wodi ya uangalizi maalumu kwa siku zinazofuata na, kabla ya yote hayo, mtu wa kuutambua ugonjwa mapema.

Mbinu ziliendelea kuboreshwa. Mwaka 1966 John Waldhausen na mwenzake walieleza namna ya kuipanua aota ya mtoto kwa kutumia ateri ya mkono wa kushoto kama kiraka, ili kupunguza uwezekano wa mbano kurudi mtoto anapokua. Katikati ya miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba dawa ya jamii ya prostaglandini, ikiingizwa mshipani, huweza kuuzuia mrija usijifunge au kuufungua tena. Ugunduzi huo ulibadili kila kitu kwa watoto wachanga: mtoto aliyekuwa akikata roho angeweza kuimarishwa kwanza, kisha akapasuliwa kwa utulivu. Kuanzia 1982 zikaanza kuchapishwa taarifa za kuupanua mbano kwa puto linalopitishwa ndani ya mshipa wa mguuni.

Katika nchi tajiri, basi, chini ya miaka 40 ilitosha kuugeuza ugonjwa wa kifo kuwa ugonjwa wa kutibika. Inafaa sasa kuuliza Shinyanga ilikuwa wapi katika miaka hiyo hiyo.

4.0 Shinyanga kabla ya upasuaji wa moyo

Tiba ya kisasa iliingia Usukuma kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa misheni. Wamisionari wa Africa Inland Mission walijenga kituo cha Kolandoto, karibu na Shinyanga mjini, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, nacho kikakua kuwa hospitali. Ya pili ilikuwa serikali ya kikoloni, ambayo katika eneo hili ilijishughulisha zaidi na mbung'o. Shinyanga ilikuwa kitovu cha utafiti wa mdudu huyo chini ya C. F. M. Swynnerton. Ya tatu ilikuwa migodi. Baada ya John Williamson kugundua almasi huko Mwadui mwaka 1940, mgodi ulijenga mji wake wenye hospitali kwa ajili ya wafanyakazi na familia zao.

Kila moja ya njia hizi ilikuwa na mgonjwa wake. Misheni ilimtazama mwenye ukoma na mama mjamzito, serikali ilimtazama mkulima na ng'ombe wake, na mgodi ulimtazama kibarua. Mtoto wa wiki mbili aliyekuwa akihema kwa shida hakuwa mgonjwa wa yeyote kati yao kwa namna ya pekee. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na kupita Isaka na Shinyanga, ilisafirisha pamba na watu, lakini mwisho wa reli hiyo hakukuwa na mahali pa kumpeleka mtoto kama huyo.

Uhuru ulibadili mwelekeo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini: zahanati, vituo vya afya, na mafunzo ya wasaidizi wa tiba wa vijijini. Sera hiyo ilitangulia Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, na Tanzania ikawa mojawapo ya nchi zilizotajwa kama mfano wa afya ya msingi. Kwa wakati ule uamuzi huo ulikuwa na mantiki isiyopingika. Surua, kuhara, malaria na utapiamlo viliua watoto wengi mno kiasi kwamba kuzungumzia upasuaji wa aota kungeonekana kama kuezeka paa kabla ya kusimamisha kuta.

Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho Kanda ya Ziwa ilipata hospitali kubwa. Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki kwenye kilima kinachoutazama mji wa Mwanza, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, na kurejeshwa chini ya usimamizi wa Kanisa mwaka 1985. Kuwapo kwake kulimaanisha kwamba mtoto wa Tinde alikuwa na mahali pa rufaa ndani ya kanda. Lakini hakukuwa bado na tiba ya moyo wa mtoto mchanga mwishoni mwa rufaa hiyo.

4.1 Ugonjwa usio na safu katika rejista

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA. Vitabu vya MTUHA vilikuwa hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza zahanati zote zilihesabu magonjwa kwa namna moja. Lakini kila mfumo wa kuhesabu huamua pia nini kisihesabiwe. Orodha iliundwa kwa magonjwa ambayo zahanati iliweza kuyatambua na kuyatibu, na kasoro za moyo hazikuwa miongoni mwake.

Katikati ya muongo huo ulifuata mkakati wa kudhibiti magonjwa ya watoto kwa uwiano. Mhudumu alifundishwa kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja: mtoto anayehema haraka hupewa dawa ya nimonia, mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye dalili kama hizo huchukuliwa kuwa na maambukizi makali, hupewa dozi ya kwanza ya sindano na kupelekwa rufaa. Mkakati huu uliokoa maisha ya watoto wengi, na insha hii haina sababu ya kuubeza. Ila kwa mtoto ambaye aota yake imebanwa, mantiki hiyo iliyo sahihi kwa wengi humpeleka kwenye jina lisilo lake. Akipona kwa muda, ameponywa nimonia. Akifariki, amefariki kwa nimonia. Kitabu hufungwa, na mtafiti anayekifungua miaka 20 baadaye hukuta ushahidi kwamba ugonjwa wa moyo ni nadra Shinyanga.

Nyumbani nako kulikuwa na majina mengine. Katika maeneo mengi ya Tanzania, mtoto anayekohoa, asiyeongezeka uzito na anayekataa ziwa hudhaniwa kuwa na kimeo kirefu kinachopaswa kukatwa, au kuwa na kile kinachoitwa meno ya plastiki ambacho hung'olewa kwenye fizi. Matendo haya yameendelea licha ya makatazo ya wataalamu, na si haki kuyaeleza kama ujinga mtupu. Familia iliyorudi kutoka kituoni mara tatu na dawa ile ile isiyosaidia hutafuta maelezo kwingine. Katika hali hiyo, kimeo na nimonia vilifanya kazi moja: vyote viwili vilikuwa majina yaliyojaza nafasi ya jina lililokosekana.

5.0 Rufaa za nje na tabaka la waliofika

Kabla ya mwaka 2008, mtoto wa Kitanzania aliyehitaji upasuaji wa kusimamisha moyo alipaswa kusafiri nje ya nchi. Jirani walikuwa wametangulia: Nairobi ilianza upasuaji wa aina hiyo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 1973, na Uganda ilianzisha Taasisi ya Moyo mwaka 1988. Serikali ya Tanzania iligharimia wagonjwa wachache, hasa nchini India, kupitia utaratibu wa rufaa za Wizara ya Afya. Wengine walitegemea wafadhili.

Miongoni mwa wafadhili hao, shirika la Save a Child's Heart lina nafasi ya pekee katika historia ya Tanzania. Lilianzishwa mwaka 1995 katika Hospitali ya Wolfson, Holon, nchini Israel, na daktari mzaliwa wa Marekani, Ami Cohen, na limewatibu watoto wengi kutoka Tanzania Bara na Zanzibar. Cohen mwenyewe alifariki mwaka 2001 akiwa anapanda Mlima Kilimanjaro.

Rufaa za nje ziliokoa maisha, lakini zilikuwa na sheria yake isiyoandikwa. Kupata nafasi kulihitaji utambuzi uliothibitishwa na daktari bingwa, barua zilizopita ngazi kadhaa, hati ya kusafiria na muda. Mtoto mwenye tundu kati ya vyumba vya moyo angeweza kusubiri miezi au hata miaka. Mchanga mwenye mbano mkali wa aota hakuwa na muda huo. Maisha yake yalipimwa kwa siku. Kwa hiyo utaratibu wa rufaa za nje, kwa muundo wake na si kwa nia ya yeyote, uliwachuja watoto wachanga wenye kasoro kali za aota kabla hata hawajaingia katika orodha.

6.0 Kutoka Muhimbili 2008 hadi Taasisi ya Moyo

Mwezi Mei 2008, upasuaji wa kwanza wa kufungua moyo ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Tathmini ya mwaka wa kwanza wa huduma hiyo ilichapishwa mwaka 2010 na Evarist Nyawawa na wenzake, na ni moja ya vyanzo muhimu vya historia hii. Jengo maalumu la moyo lilijengwa Muhimbili kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na China, na mwaka 2015, mwishoni mwa uongozi wa Rais Jakaya Kikwete, likawa makao ya Taasisi ya Moyo iliyopewa jina lake. Mohamed Janabi alikuwa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Peter Kisenge alimfuata mwaka 2022.

Kwa upasuaji wa watoto, jambo lenye uzito zaidi lilikuwa watu. Godwin Godfrey, daktari kutoka Bugando, alipelekwa Holon kusomea upasuaji wa moyo wa watoto kwa takriban miaka 5, kisha akarejea nyumbani na baadaye kufanya kazi Dar es Salaam. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, timu ya Wolfson ilifika pia Bugando kufanya upasuaji pamoja na wenyeji. Madaktari wa moyo wa watoto kama Stella Mongella na Naiz Majani walijenga upande wa utambuzi, ambao bila huo mpasuaji hana kazi. Timu za Open Heart International ya Australia, Mending Kids ya Marekani na Muntada Aid ya Uingereza zilifika kwa vipindi kufanya upasuaji na kufundisha.

Kambi hizi za wageni zimekosolewa katika maandishi ya afya ya kimataifa kwa sababu huja na kuondoka. Ukosoaji huo una uzito wa pekee kwa kasoro za aota za wachanga. Mtoto anayefikia hali ya hatari wiki ya pili ya maisha hawezi kuisubiri kambi ya mwezi ujao. Kwa kundi hili la watoto, timu ya kudumu ya nyumbani ndiyo tiba; kambi hubaki kuwa shule.

7.0 Tinde kama kipimo

Mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya upasuaji wa kwanza wa Muhimbili, serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mipango hii miwili, wa zahanati na wa upasuaji wa moyo, ilijadiliwa kana kwamba shilingi ya mmoja ni hasara ya mwingine. Takwimu za miaka iliyofuata zinaonyesha uhusiano tofauti.

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za demografia na afya, wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 47 katika utafiti wa 2004–05, asilimia 63 katika ule wa 2015–16, na asilimia 81 katika ule wa 2022. Katika tafiti hizo hizo, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 112 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai hadi 67, kisha 43. Vifo vya watoto wa chini ya mwezi 1, hata hivyo, vilishuka polepole zaidi: kutoka 32 hadi 25, kisha 24. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wadogo sasa hutokea ndani ya siku 28 za kwanza. Kadiri surua na malaria zinavyorudi nyuma, ndivyo magonjwa yaliyokuwa yamejificha nyuma yake yanavyobaki wazi. Afya ya msingi, kwa mafanikio yake yenyewe, ndiyo iliyoifanya kasoro ya aota kuwa swali halali.

Mfumo wa m-mama unatoa mfano wa karibu zaidi. Ulianzia Sengerema, ukapanuliwa katika Mkoa wa Shinyanga kabla ya kuenezwa kitaifa kuanzia 2022. Kwa simu ya bure ya namba 115, mjamzito au mchanga aliye hatarini hutafutiwa gari, likiwamo la dereva wa kawaida wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Shinyanga, iliyokuwa mwisho wa mstari katika historia ya upasuaji, ikawa miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika historia ya usafiri wa rufaa. Lakini gari humpeleka mtoto pale anapoelekezwa. Mtoto aliyeandikiwa nimonia hupelekwa kwenye tiba ya nimonia, hata barabara ikiwa ya lami.

Zipo hatua tatu ambazo mchanga wa Tinde hana budi kuzivuka. Ya kwanza ni kushikwa mapigo ya kinena kabla ya kuruhusiwa na tena katika hudhurio la siku ya 7, pamoja na kupimwa oksijeni kwa kifaa cha kidoleni pale kilipo. Ya pili ni kuthibitishiwa ugonjwa kwa ultrasaundi ya moyo na mtu anayeujua moyo wa mtoto. Ya tatu ni kufikishwa akiwa hai. Prostaglandini hutunzwa katika ubaridi, hutolewa kwa mashine ya dripu yenye kipimo sahihi, na huweza kumsimamisha mtoto pumzi, kwa hiyo huhitaji muuguzi wa kumtazama njia nzima. Hatua ya kwanza haina gharama ya kifaa. Ya pili na ya tatu zina gharama, lakini hazina maana ikiwa ya kwanza haikufanyika.

Ukanda wa dhahabu unaongeza ugumu wake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji wa kisasa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Halmashauri zenye migodi hupata ushuru wa huduma na michango ya kijamii iliyojenga zahanati na wodi. Tinde, ambayo malori ya migodini hupita, haimo katika mgawo wa halmashauri hizo. Aidha, familia za wachimbaji wadogo huhama kufuata mashimo mapya. Kwa mtoto aliyepasuliwa aota, kuhama kuna hatari yake: mbano unaweza kurudi anapokua, na shinikizo la damu lazima lipimwe kwa miaka mingi, mkononi na mguuni. Kadi ya kliniki iliyoachwa kambini ni tiba iliyokatwa katikati.

Suala la malipo nalo lina historia ya karibu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza mwaka 1996 huko Igunga, wilaya isiyo mbali na Tinde. Baadaye bima ya watoto iliyojulikana kama Toto Afya Kadi iliwezesha wazazi kumlipia mtoto shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa kwa hoja kwamba wazazi walisajili hasa watoto waliokwisha kuugua, hali iliyoulemea mfuko. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mjadala ule ulifichua jambo la msingi: kasoro ya kuzaliwa nayo haiwezi kukatiwa bima kabla ya kutokea isipokuwa watu wote wawe wamekatiwa. Mtoto huzaliwa akiwa tayari mgonjwa.

8.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba kati ya upasuaji wa Crafoord wa 1944 na kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015 ilipita miaka 71, na kwamba muda huo haukujazwa na ukosefu wa mashine peke yake. Ulijazwa pia na vipaumbele vilivyokuwa sahihi kwa wakati wake, na orodha za magonjwa zilizoacha mengine nje, na taratibu za rufaa zilizodai muda ambao mchanga hana.

Kwa watafiti wa historia ya tiba, jambo linalofuata ni la kimbinu. Rejista za zahanati hazipaswi kusomwa kama picha ya magonjwa yaliyokuwapo, bali kama kumbukumbu ya magonjwa yaliyoweza kutajwa. Neno nimonia katika kitabu cha mwaka 1995 linahitaji kuhojiwa kama chanzo kingine chochote: nani aliliandika, kwa kufuata mwongozo gani, na alikuwa na jina gani jingine la kuandika.

Kwa upande wa sera, historia hii inapinga ushindani unaodaiwa kuwapo kati ya zahanati na chumba cha upasuaji. Mpasuaji wa Dar es Salaam hawezi kumtibu mtoto ambaye mkunga hakumshika kinena, na mkunga hana sababu ya kuyatafuta mapigo hayo ikiwa hakuna mahali pa kumpeleka mtoto atakapoyakosa. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita sababu hiyo haikuwapo. Sasa ipo, na urefu wa barabara kutoka Tinde si kisingizio tena cha kutoyatafuta.